Pemba kwa gari na familia: usipange kwa kilomita, panga kwa saa

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar, nalifupisha: "Kaka habari za kazi. Tuko wanne, mimi, mume wangu, mtoto wa miaka tisa na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Nungwi na Paje tumeenda mpaka tumechoka. Mwezi wa saba tunataka twende Pemba siku tano, tushuke Mkoani tuendeshe mpaka mwisho wa kisiwa kule Kigomasha huku tunapita miji yote. Tuje na gari yetu au tukodi? Tulale wapi? Na mbona kila ninayemwambia ananijibu Pemba hakuna kitu zaidi ya karafuu na uchawi?"

Njema dada yangu, karibu sana. Mie Mpemba wa Wete na kazi yangu ndo hiyo ya kutembeza wageni, basi nianze na hilo la mwisho tulimalize. Waganga wapo, kama walivyopo Tanga na Bagamoyo, na wateja wao wengine wanatoka mbali kweli kweli, lakini wewe uliyekuja kutembea hutokutana na chochote zaidi ya watu kukusalimia na kukuuliza "mwatoka wapi?" kila mkisimamisha gari. Jibu tu vizuri, salamu kwetu ndo kiingilio. Na karafuu ndio, zipo, na mwezi wa saba ndo kwa kawaida uchumaji unaanza, kwa hiyo huyo aliyekwambia hakuna kitu zaidi ya karafuu hajui kwamba amekusifia safari bila kukusudia.

Sasa shida kubwa ya watu wanaokuja Pemba na gari ni ramani. Wanafungua simu wanaona kisiwa kina urefu wa kilomita kama 67, wanasema ah hiyo si hata Dar mpaka Chalinze, tunakimaliza kwa asubuhi moja. Na kweli unaweza kukimaliza! Unatoka Mkoani saa tatu, saa saba uko Kigomasha umekaa mchangani, umepita kila kitu na hujaona kitu. Soko la samaki la Tumbe umelipita limeshaisha, popo wa Kidike umewapita wamelala, mji wa Chake umeupita wakati wa jua kali watu wako ndani, halafu unarudi Dar unasema Pemba pazuri lakini pamepoa. Kila kitu kwetu kina saa yake, na saa hizo zinapangwa na maji kupwa na kujaa, na sala, na mwezi wa saba zinapangwa na karafuu pia. Ukizifuata hizo, siku tano zinatosha vizuri kabisa.

Gari yako iache Dar. Kuna meli zinazobeba magari ndio, lakini ukijumlisha nauli ya gari, karatasi za bandarini huku na huku na kibali cha gari ya bara kutembea Zanzibar, kwa siku tano hailipi hata kidogo. Kodi Pemba, na kodi pamoja na dereva. Najua mumeo atasema yeye anajua kuendesha, sikatai, lakini barabara zetu zimepita juu ya vilima na kushuka mabondeni, kona baada ya kona, na barabarani kuna ng'ombe, mbuzi, watoto wa skuli, wazee na baiskeli zimebeba majani ya ng'ombe zimejaa upana wa njia nzima. Vibao vya kuelekeza ni vichache. Na huko vijijini mwezi wa saba utakuta jamvi la karafuu limekaribia lami kabisa, mwenyewe yuko kivulini anakuangalia, ukizikanyaga zile hujakanyaga majani, umekanyaga ada za skuli za watoto wake. Dereva wa kwetu anajua pa kupunguza mwendo na anajua nyumba gani mama anaweza kuomba maji ya udhu na kukaa barazani dakika kumi.

Noah inawatosha nyie wanne na mizigo. Kabla ya kukubaliana bei malizaneni mambo haya haya: mafuta ya nani, dereva akilala Wete chumba na chakula ni juu ya nani, na kama mkitaka kutoka alfajiri au kurudi usiku kuna nyongeza au hakuna. Magomvi karibu yote ya wageni na madereva yanatoka hapo, bei yenyewe huwa haina shida. Mafuta jazeni Chake au Wete, mkishavuka Konde kwenda juu msitegemee kupata. Pesa taslimu vilevile, tolea Chake, maana vijijini mambo ya kadi hayapo.

Kuhusu bahari. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unatoka kusini na mkondo ule wa Nungwi kwenda Pemba unachafuka. Hapa nina ushauri ambao wengi hawaufikirii: njooni kwa boti, rudini kwa ndege. Mkija kaskazini upepo na mawimbi yako nyuma yenu, boti inasukumwa, si mbaya sana. Kurudi Unguja ndo mnaenda kulikabili wimbi uso kwa uso na hapo mama atateseka, na mtoto pia. Ndege ndogo zinaruka kutoka uwanja wa Pemba, ni karibu na Chake hapo, mnafika Unguja kabla mtoto hajachoka dirishani. Kwenye boti chukueni ya asubuhi, dawa ya kichefuchefu inyweni kabla ya kuondoka (wengi wanaikumbuka wakishaanza kutapika), kaeni chini sehemu ya katikati kuelekea nyuma, na vitambulisho msisahau. Na boti ikionekana imejaa kupita kiasi, msipande, subirini nyingine hata kama mmeshalipa. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikija Pemba, imejaza kupita uwezo wake, wakafa mamia ya watu. Hakuna kijiji kwetu kisichokuwa na mtu wake pale, ndo maana utaona Mpemba akifika bandarini anaiangalia meli kwanza, imekaa vipi majini.

Haya, mmeshuka Mkoani. Mkoani ni mji wa bandari uliopanda mlima, chini boti na wachukuzi, juu zile fleti za enzi za Karume na msikiti na maduka. Sikushaurini mlale hapo siku ya kwanza. Kunyweni chai, mama anyooshe miguu, mkianza kupanda mlima mwambieni dereva asimame kidogo mtazame nyuma, mtaiona bandari yote na kisiwa cha Makoongwe mbele yake, halafu twende. Mpaka Chake ni kilomita kama 30 na kitu, na barabara hiyo imekuwa kwenye ujenzi mpya, ukikuta kipande kimechimbwa funga vioo tu vumbi lisiingie.

Njiani simameni Mtambile. Ni njiapanda tu, ya kwenda Kengeja na huko kusini, hakuna cha kupiga picha, lakini ndo mahali pa kuona watu wa shamba wanaishi vipi: muhogo, ndizi, mashelisheli yamepangwa chini, mtu anauza pweza aliyekauka, daladala ya 603 inapakia magunia juu na watu ndani. Nunueni shelisheli moja, mwambieni mwenye gesti Chake awachemshie au awakaangie, mtoto ataipenda kuliko chipsi. Huko Kengeja ndo moja ya sehemu za mchezo wa ng'ombe, ule watu wanamchezea dume kwa kitambaa na ngoma na zumari inapigwa na ng'ombe hauawi, wazee wanasema asili yake Wareno. Ila ni mchezo wa miezi ya joto baada ya mavuno, mwezi wa saba hamtoukuta, dereva akikuahidi mchezo mwezi wa saba jua anataka nyongeza ya safari.

Chake Chake laleni siku mbili. Mji wenyewe umebanana juu ya mgongo wa kilima, mtaa mkuu ni mmoja, na uzuri wake uko asubuhi na baada ya magharibi. Mchana katikati nendeni makumbusho, yako ndani ya ngome kongwe karibu na hospitali, si makubwa, lakini wamepanga vizuri habari za miji ya kale ya Pemba, vyombo vya bahari, chumba cha harusi cha Kiswahili, na mama atafurahi maana vitu vingi atavijua na ataanza kumweleza mjukuu wake yeye mwenyewe. Ngazi ni chache. Baada ya hapo nendeni Wawi, kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki ukishachambua karafuu, kule hawavitupi, wanavikamua mafuta, na wanakamua pia mchaichai na mkaratusi na mdalasini kwa nyakati zake. Ingieni hata kama mnaona ni kiwanda tu, maana hapo ndo mtajua harufu iliyokuwa inawafuata toka Mkoani ilikuwa inatoka wapi.

Usiku Chake kuleni mtaani, pale wanapochoma. Pweza, ngisi, samaki wa kukaanga, chapati, mkate wa mofa na mchuzi, juisi ya mabungo mkiikuta. Hoteli za kukaa chini na menyu si nyingi, na chakula cha gesti unaagiza mapema, asubuhi unasema usiku utakula nini, ukifika saa mbili usiku ndo unauliza mtalala na biskuti. Pombe msiitafute. Mavazi, dada, wewe unajua, buibui si lazima kwa mgeni lakini jifunike mabega na magoti ukiwa mjini, na mumeo asitembee kifua wazi hata kama joto limemzidi.

Siku ya pili kuna Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Chake, mnapanda boti Wesha. Ni hifadhi, mnalipa kiingilio, hairuhusiwi kuharibu wala kuokota matumbawe, na kwa kuwa kiko upande wa magharibi wimbi la kusi haliwapigi sana. Maji ni masafi mpaka unaona kivuli cha boti kule chini. Wavuvi wanapiga dago (kambi za uvuvi) huko, na kuna hadithi ya haramia wa Kiskoti Kidd kwamba alificha hazina, mtoto mpeni hiyo atachimba siku nzima mpumzike. Lakini mama! Kushuka Misali ni kuingia majini mpaka magotini, wakati mwingine zaidi. Hapo ndo nasema angalieni saa. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni, mkienda vibaya mtashukia mbali na ufukwe na mtatembea juu ya mawe. Mwambieni mwenye boti toka jana yake kwamba kuna mtu mzima wa magoti, atawapa saa ambayo boti inafika mpaka mchangani. Asipojali hilo tafuteni mwingine.

Na magofu ya Pujini je? Wengi wanaulizia kwa sababu ya hadithi ya Mkama Ndume, mtawala jeuri wa karne ya 15, inasimuliwa aliwabebesha watu mawe huku wanasota kwa makalio, na alikuwa na wake wawili akawajengea kisima chenye ukuta katikati wasionane wakichota maji. Hadithi tamu, lakini pale penyewe leo ni vichaka, kipande cha ukuta, shimo na ngazi zilizochakaa, na bila mwenyeji wa kueleza hamtoelewa mnaangalia nini. Kwa mama sishauri. Mumeo na mtoto wakitaka waende asubuhi, ni nusu saa kutoka Chake, wakati huo huo mama amekaa gesti anaongea na wenyeji wake. Ras Mkumbuu magofu yake ni mazuri zaidi, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, lakini kufika ni kwa boti au kutembea sana, acheni kwa safari nyingine.

Siku ya tatu mnahamia Wete, na hapa msiondoke asubuhi! Watu wote wanaondoka asubuhi kwa mazoea ya bara. Kaeni Chake mpaka baada ya adhuhuri, kuleni, salini, pumzikeni, ondokeni kama saa tisa. Kisha mwambieni dereva mnataka Kidike. Iko kati ya Chake na Wete, mnaacha barabara kubwa mnaingia ndani kilomita tatu na kitu, kijijini mnalipa kidogo, kijana mmoja anawapeleka mpaka kwenye miti.

Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, na mkubwa, akitandaza mabawa inafika mita moja na nusu na zaidi. Miaka ya 1980 mwishoni walikuwa wamebaki elfu chache tu, watu wanawala na miti inakatwa, mpaka vijiji vyenyewe vikaamua kuwalinda, sasa wako zaidi ya elfu ishirini. Mkifika saa kumi mtawakuta wamening'inia juu mamia kwa mamia, kichwa chini, rangi ya hudhurungi inayong'aa, sura imekaa kama ya mbwa, mmoja anajipepea na bawa moja polepole, mwingine anamfukuza jirani yake aliyemkaribia, kelele hazikatiki. Harufu ipo, siwafichi, na msisimame chini yao kabisa, kofia muhimu. Jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, na kabla ya hapo wanaanza kuachia matawi mmoja mmoja, halafu wengi, wanazunguka juu ya miti kisha wanaelekea mashambani kutafuta matunda. Asubuhi hamtoliona hilo. Mama anaweza kukaa kwenye kiti pale kijijini, wanamtolea, akaona kila kitu bila kutembea.

Kuna kitu kimoja mtoto na baba yake wakifanye, ile safari ya Chake Wete waikate kwa daladala ya 606 siku yoyote mkipata nafasi, dereva awafuate na mama nyuma. Viti vya kukabiliana, magoti ya mtu ndani ya magoti ya mwenzake, kikapu cha samaki katikati, kila mtu anamuuliza mtoto anasoma darasa la ngapi.

Wete ni kwetu kwa hiyo mnisamehe nikipasifia. Mji unateremka kutoka juu mpaka bandarini, mtaa mpana wenye miti mikubwa, maduka pande mbili, chini majahazi na mashua na maghala. Bandari hii ilikuwa na shughuli kubwa ya karafuu zamani, sasa imepungua kidogo, na ndo maana pametulia. Ng'ambo ya maji mtaona Mtambwe Mkuu, kwa macho ni mikoko na minazi tu, lakini hapo mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta zaidi ya sarafu elfu mbili za fedha zimefukiwa, pamoja na za dhahabu chache. Watu walikuwa wanafua sarafu zao hapa karne nyingi kabla Mreno hajaja. Jioni mumeo akakae barazani na wazee, kahawa chungu na kashata, asiwe na haraka ya kuongea, ataulizwa mwenyewe. Wewe na mama mtakaribishwa uani, na hapo ndo mtakula vizuri kuliko hoteli yoyote. Laleni Wete siku mbili zilizobaki, gesti ni za kawaida, safi, umeme ukikatika mtaambiwa pole.

Siku ya nne ndo ya kuamka. Baada ya sala ya alfajiri ingieni garini, msinywe chai, nendeni Tumbe. Ndo soko kubwa la samaki Pemba. Mashua zinaingia, vijana wanashusha mgongoni, samaki anatandazwa chini kwa mafungu, changu, tasi, kolekole, nguru, pweza kwenye ndoo, na dalali anaanza kuita bei kwa haraka mpaka mgeni hasikii kitu, mtu ananyanyua kidole tu, mzigo umekwenda. Mwenye baiskeli ameshafunga kapu lake anaondoka mbio Wete kabla jua halijapanda. Saa tatu ukifika utakuta magamba na paka. Simameni pembeni, msiwe katikati ya njia ya wachukuzi, na picha ombeni kwanza, ukimuomba mtu anakubali, ukimpiga kwa kuiba atakasirika na ana haki. Magofu ya Chwaka yako karibu hapo, ya Haruni ambaye wanasema alikuwa mtoto wa Mkama Ndume, dakika ishirini zinatosha, kisha chai Konde: vitumbua, maharage, supu.

Konde ndo mwisho wa daladala, 602 inaishia hapo. Mbele yake ni msitu wa Ngezi na barabara inapita katikati yake, ghafla jua linatoweka, joto linashuka, mtoto atauliza kama kuna simba (hakuna). Lipieni getini, kuna njia fupi ya kutembea na muongozaji, mama aende mpaka atakapoona inatosha kisha arudi. Kuna mpapindi, mnazi wa msituni ambao asili yake ni Pemba tu, kuna kima punju walioletwa kutoka Jozani miaka ya 1970 ila kuwaona ni bahati, na kuna kibundi wa Pemba ambaye naye hayupo kwingine, lakini huyo ni wa usiku, mnapanga na walinzi.

Baada ya Ngezi kuna fukwe mbili na watu wanazichanganya. Vumawimbi iko mashariki, ndefu, nyeupe, hakuna duka hakuna mwamvuli, mtakuta wavuvi wanashona nyavu na basi. Verani iko magharibi, kusi haiifikii, maji yametulia, mtoto aogee huko. Chakula na maji bebeni toka Konde, nasisitiza maji. Mwisho kabisa ni Ras Kigomasha na mnara wa taa wa chuma, umesimama toka 1900, mtunzaji akiwepo mnampa chochote anawafungulia, ngazi ni nyembamba na zinazunguka, mama abaki chini. Juu mnaona kisiwa kinavyokwisha na bahari ya rangi mbili. Huko kuna hoteli kubwa ya wageni yenye chumba chini ya maji, samaki wanapita dirishani usiku, bei yake mnaweza kununua ng'ombe kadhaa, angalieni kwa mbali mrudi Wete kabla ya giza. Usiku barabara hizi hazifai, baiskeli hazina taa na ng'ombe hawana taa pia.

Siku ya tano mnarudi Chake kwa ajili ya ndege, na msipite njia mliyojia. Piteni ya mashariki, Konde, Chwale, Ole, ndefu kidogo lakini ndo ya karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika, toka hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Mtaona vilima vyote vimejaa mikarafuu na mabonde chini ni mpunga. Mwambieni dereva asimame kwenye nyumba yoyote iliyoanika. Karafuu mbichi ni kijani na wekundu kidogo, zinachambuliwa jioni familia nzima imekaa kuizunguka lundo, mikono inakwenda bila macho, karafuu huku makonyo kule. Zinaanikwa siku nne tano za jua, na wingu likitanda tu mtasikia mtu anaita, kila aliyekuwepo anakimbia kukunja jamvi, hata mgeni anashika pembe moja. Aliyepanda juu ya mti analipwa kwa pishi, na mikarafuu ina matawi mepesi, kila msimu tunasikia fulani ameanguka. Mkitoka hapo, upande wa bahari mtaviona vile visiwa, Kojani ndo ule uliojazana nyumba mpaka ukingoni, wavuvi wake mtawakuta pwani yote ya Afrika Mashariki.

Uwanja wa ndege fikeni mapema. Na kama mnataka karafuu za nyumbani, msinunue kwenye gunia la mtu njiani hata kama bei nzuri, karafuu kwa miaka mingi imenunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake na magendo yanashughulikiwa kweli, mkikutwa na kilo kadhaa begini mtapata maswali. Nunueni pakiti dukani Chake, ombeni risiti, wekeni kwenye begi la mkononi. Nguo zote zitanuka karafuu mpaka Tabata.